Kilimanjaro na Kaka Dereva

Kaka yangu anaendesha basi, Dar es Salaam kwenda Arusha na kurudi. Mlima Kilimanjaro ameuona kupitia kioo cha mbele mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, lakini miaka yote hiyo hakuwahi kufika hata getini Marangu. "Nikapande nikatafute nini?" ndilo lilikuwa jibu lake. Mimi ni dada yake mdogo, mwalimu hapa Moshi, nilishapanda na walimu wenzangu, na kila nikimwonyesha picha zangu alikuwa ananiuliza walinilipa shilingi ngapi.

Mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa, basi lake likaingia gereji kwa matengenezo makubwa. Nikampigia simu. Akakaa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika, kisha akauliza:

"Kule juu kuna choo?"

"Kipo, kaka."

"Basi nakuja."

Vifaa vingi tulikodi mjini: mabegi ya kulalia, majaketi mazito, fimbo za kutembelea, tochi za kichwani. Viatu hakutaka vya kukodi. Tukaenda soko la Memorial, kwenye mitumba, akachambua viatu kwa subira anayoitumia kukagua matairi: akakunja soli, akanusa ndani, akagonga kisigino ukutani. Alivyopata vilikuwa vizuri kuliko vyangu, na kwa bei ambayo mpaka leo naiona kama wizi.

Njia tuliyochagua ni Marangu, yenye nyumba za mbao za kulala badala ya mahema. Wengi huimaliza kwa siku tano. Sisi tulilipia sita, ili tulale kambi ya Horombo mara mbili kwenda na mwili upate muda wa kuzoea hewa. Kaka aliona ni hela ya bure. Nikamwambia asubiri.

Siku ya kwanza: Getini hadi Mandara

Gari lilitupitisha Himo, tukakunja kushoto kupanda Marangu Mtoni, katikati ya migomba na kahawa. Lango liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na asubuhi hiyo kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta. Kwenye kitabu cha wageni unaandika jina, umri, uraia na kazi. Kaka aliandika DEREVA kwa herufi kubwa, akakipiga mstari chini.

Kilichomfurahisha zaidi ni mizani. Wagumu, ndivyo wapagazi wa mlima huu wanavyojiita, hupanga foleni na mizigo yao ipimwe, kwa sababu mzigo wa kampuni hautakiwi kuzidi kilo 20 kwa mtu. "Kumbe na ninyi mna Vigwaza yenu!" aliwaambia, akimaanisha ile mizani ya magari barabarani, na kuanzia hapo akawa rafiki yao. Mimi niliyepanda nikiwa na daftari la kuandikia ndege na maua nilichukua siku mbili kujua jina la mpishi. Yeye alilijua kabla hatujaondoka getini, pamoja na bei ya boda kutoka kwake mpaka barabarani.

Pale getini pana kumbukumbu ambayo watu wengi huipita wakikimbilia kupiga picha kwenye lango. Inawahusu wazawa walioongoza na kubeba mizigo katika safari ya Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliofika kileleni Oktoba 1889. Maarufu kati yao ni Yohani Kinyala Lauwo wa hapa hapa Marangu, aliyefariki mwaka 1996, na inasemekana umri wake ulizidi miaka 120. Kaka alisoma majina yote taratibu. "Mzungu anaandikwa kwamba amepanda," alisema, "na aliyemwonyesha njia alipita wapi? Chini kwa chini?" Sikuwa na jibu, na nadhani hakuhitaji.

Kutoka getini hadi Mandara ni kama kilomita nane za msitu. Njia ni pana, imechongwa vizuri, na hapo ndipo tatizo lilipoanza. Kaka alishika mwendo wa mtu anayewahi stendi. Aliwapita Wajerumani wawili, akapita kundi la wanafunzi, akawa anageuka kutusubiri huku amejishika kiuno. Kiongozi wetu, mtu wa Kilema mwenye ndevu za mvi, hakumkemea. Alisema tu "Bro, pole pole," kila baada ya dakika tano, kwa sauti ile ile.

"Huyu anataka kwenda Arusha kwa gia ya kwanza," kaka aliniambia.

"Ndivyo wanavyofika."

"Injini itachemka."

Msituni tuliwaona mbega, wale weusi wenye joho jeupe mgongoni, wakiruka juu kabisa kwenye podo. Matawi yamejaa ndevu za kijivu zinazoning'inia na kila kitu kinadondosha maji hata pasipo mvua. Mandara iko mita 2,720. Tulifika saa tisa alasiri, tukapewa chai na bisi, na kaka akashangaa kwamba safari ya siku nzima imekwisha na jua bado lipo. Nikamchukua mpaka Kreta ya Maundi, dakika kama ishirini kutoka kambini. Ukisimama ukingoni unaona nyika ya upande wa Taveta, Kenya, imelala chini kama imepigwa pasi. Hapo kwa mara ya kwanza alinyamaza bila kuwa amekasirika.

Siku ya pili: Mandara hadi Horombo

Hii ni siku ndefu na haina mengi ya kusimulia. Kilomita kumi na moja hivi. Nusu saa baada ya kuondoka msitu unakwisha, vinaingia vichaka vya mierika, virefu, halafu vifupi, halafu nyasi na ukungu. Mvua nyembamba ilitushika kabla ya chakula cha mchana na haikutuacha mpaka karibu na kambi. Sehemu fulani vichaka bado vinaonyesha vigogo vyeusi chini ya majani mapya. Mlima huu uliungua vibaya Oktoba 2020, watu wakapanda kuuzima moto kwa matawi na majembe. Kiongozi alikuwepo. Alisema moshi ulimkaa kifuani wiki nzima.

Jambo moja la siku hiyo sijalisahau. Tulisikia kelele mbele, "Njia! Njia!", tukajibanza pembeni, na machela ya gurudumu moja ikapita kwa kasi, watu wanne wameishika, ndani amefungwa mtu aliyefunikwa mpaka pua. Macho yake yalikuwa wazi. Kaka alisimama akiitazama hadi ilipopotea kwenye ukungu.

"Ajali?"

"Hewa," alisema kiongozi. "Akifika chini atakuwa mzima. Wengi wanakuwa wazima."

Kutoka hapo kaka hakumpita mtu yeyote.

Karibu na Horombo unaanza kuona ile mimea ya ajabu, shina nene lenye koti la majani makavu na kichwa cha majani kama kabichi, mirefu kuliko mtu. Wanasayansi wanaiita Dendrosenecio kilimanjari na haioti popote isipokuwa kwenye mlima huu. Koti lile la majani yaliyokufa ndilo linalokinga shina lisigande usiku. Nilimweleza kaka kwa sauti yangu ya darasani. Akalishika koti la mmea, kisha akalishika jaketi lake la kukodi. "Nimeelewa, mwalimu."

Horombo, mita 3,720. Kuna intaneti, mwaka 2022 shirika la TTCL lilifikisha mtandao wa kasi mpaka hapa. Kaka alimpigia mama video Korogwe. Mama alitazama mawingu yaliyokuwa chini ya miguu yetu, akauliza kama tumekula, akamuuliza kaka kama mdogo wake anamsikiliza. Alimaanisha mimi. Kwamba huku mlimani mkubwa ndiye mgeni hakukumwingia akilini, na kaka hakumsahihisha.

Usiku kichwa kilimuuma. Nikamnywesha maji lita nzima, nikamwambia ni kawaida, alale kichwa kimeinuka. Aliamka kwenda chooni mara nne na kila aliporudi alinitajia idadi.

Siku ya tatu: Kukaa Horombo

Siku ya kupumzika si ya kulala. Unapanda juu kidogo, unakaa, unarudi kulala chini, ili damu izoee kufanya kazi na oksijeni kidogo. Tulikwenda hadi Mawe ya Pundamilia, miamba yenye mistari myeusi na myeupe ambayo maji yenye madini yameichora kwa kuteremka juu yake. Kaka alipiga picha hamsini. Kichwa kilikuwa kimepona, na kwa mara ya kwanza alikuwa anatembea kwa mwendo wa kiongozi bila kulalamika, mikono nyuma, kama mzee anayekagua shamba.

Hapo juu Mawenzi unauona kwa karibu, umekatika katika, meno matupu. Mita 5,149, na si wa watu wa kutembea; unahitaji kamba na ujuzi wa kukwea mwamba. Kibo upande wa pili umekaa mviringo, umetulia.

Mchana kaka alitoweka. Nilimkuta jikoni kwa wagumu, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakula ugali na dagaa kwa mkono huku chakula chetu cha mezani, supu na viazi vya mafuta, kinapoa. Walikuwa wanacheka mpaka machozi. Mpishi alikuwa anasimulia ile hadithi ambayo watoto wa Uchaggani wote wameisikia. Zamani Kibo na Mawenzi walikuwa wanaishi jirani, wote wavutaji wa kiko. Moto wa Mawenzi ukazimika, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Akapewa. Ukazimika tena, akarudi, akapewa na ndizi juu. Aliporudi mara ya tatu Kibo akachoka, akachukua mchi akamtwanga nao kichwani na mgongoni. Ndiyo maana mpaka leo mmoja ni mzima na mwingine amechakaa.

"Nani alikuwa mkubwa?" kaka akauliza.

"Wengine wanasema Kibo."

Akanitazama. "Umesikia? Acha kuniazima azima chaja."

Nilikaa nao mpaka saa kumi. Mgumu mmoja, kijana wa miaka ishirini na mbili, alituambia anabeba mlima mwezi huu ili alipe ada ya chuo. Mwingine anajenga. Wanashuka leo, kesho kutwa wanapanda na kundi jingine kama wakibahatika, maana wapo wengi na kazi haiwatoshi. Wageni wanaoweka picha za kilele mitandaoni wangeweka na hizi za jikoni, mlima ungeeleweka vizuri zaidi.

Kabla ya kulala, kiongozi alitubana vidole na kile kifaa kidogo kinachosoma oksijeni kwenye damu. Mimi na kaka tulikuwa sawasawa.

Siku ya nne: Horombo hadi Kibo

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Baada ya kupita Maji ya Mwisho, ambapo kibao kinakuonya kwamba mbele hakuna chemchemi, mimea inakwisha. Maji yote ya Kibo yanabebwa kichwani. Fikiria hilo unaponawa.

Kisha unaingia tandiko, ule uwanda mkubwa kati ya Mawenzi na Kibo. Mchanga, mawe, upepo, na njia iliyonyooka mbele yako kwa kilomita nyingi. Unaiona kambi unakokwenda, unatembea saa nzima, bado iko pale pale. Watu wengi hupachukia hapa. Kaka alipapenda kuliko sehemu zote. Alisema ni kama kipande cha Same kwenda Mwanga, barabara tupu, mlima pembeni, abiria wamelala. Alikuwa anaimba chini chini.

Mimi ndiye niliyekuwa nimenyamaza. Kichwa kilianza kuniuma upande wa nyuma kabla ya nusu ya njia. Nilikunywa maji, nikameza dawa ya maumivu, nikajiambia ni upepo. Tulipofika Kibo, mita 4,720 kwa mujibu wa kibao, harufu ya supu ilinifukuza mezani. Kiongozi alinitazama kwa muda. Akanibana kidole. Ya kaka ilikuwa themanini na kitu, yangu sabini na kitu.

"Mwalimu, umekula?"

"Nitakula usiku."

Nyumba ya Kibo ni ya mawe, baridi, vitanda vya juu na chini, watu kumi na wawili chumba kimoja. Tulilala saa kumi na mbili jioni tukiwa tumevaa karibu kila kitu. Hakuna aliyelala kweli. Mtu fulani alikuwa anakohoa, mwingine anaomba kwa Kikorea au Kijapani, na kaka, kutoka kitanda cha chini yangu, alinong'ona:

"Mdogo wangu. Unaendeleaje?"

"Salama."

"Unaongopa."

Siku ya tano: Usiku wa kilele

Tulianza kupanda saa sita usiku. Mwezi haukuwepo. Juu yetu taa za kichwani za waliotangulia zilipanda kwa kona, na hukujua taa ya mwisho ni ipi na nyota ya kwanza ni ipi. Kiongozi mbele, mimi nyuma yake, kaka nyuma yangu, msaidizi wa kiongozi mwishoni. Maji ya chupa yaliganda ndani ya saa moja hivi. Chini ya miguu ni changarawe za volkano. Unapanda hatua moja, nusu yake inateremka.

Pango la Hans Meyer liko kama mita 5,150. Tulipumzika hapo na nikatapika. Kutapika si jambo la ajabu mlimani, watu hutapika wakaendelea, na kusema kweli nilijisikia nafuu. Tukaendelea. Kona, kona, kona. Baadaye nikagundua kwamba naitazama buti ya kiongozi, naiona vizuri, lakini mguu wangu unakanyaga pengine. Nilimwangukia kaka. Akanidaka.

Kiongozi alisimama. Akachora mstari kwa fimbo kwenye changarawe.

"Mwalimu, tembea hapa juu. Kisigino mbele ya kidole."

Hatua ya pili niliyumba, ya tatu nikakaa chini.

"Unashuka," alisema.

Nikamwambia nilishafika juu, najijua, nipe dakika tano. Alipiga magoti mbele yangu ili taa yake isiniumize macho. "Mimi mwenyewe mlima huu umeshanirudisha," alisema, "na hii ndiyo kazi yangu. Unashuka sasa hivi ukiwa na miguu yako."

Nilikuwa nafahamu somo hilo lote. Ugonjwa wa mwinuko hauchagui mwenye mazoezi wala aliyewahi kupanda. Mwili ule ule unaweza kufika kileleni mwaka mmoja na kukataa mwaka mwingine. Kichwa na kichefuchefu unaweza kuvumilia. Kuyumba ni habari nyingine, ni dalili kwamba ubongo umeanza kuvimba, na dawa yake kuu ni moja: chini, haraka, usiku huo huo. Nilikuwa nimemweleza kaka haya yote Moshi, na mifano.

Kaka alikuwa ameshaanza kugeuka. Amefunga jaketi, ameshika mkono wangu.

"Twende, nakupeleka."

"Wewe unaendelea."

"Mimi ni mkubwa wako. Nitamwambia nini mama?"

"Mwambie umefika."

Akatukana kidogo, kwa Kisambaa, jambo ambalo hafanyi mbele ya watu. Akamgeukia kiongozi kama vile anamgeukia trafiki. Kiongozi akaeleza polepole: msaidizi anashuka na dada, ni mtu mwenye uzoefu, ndani ya saa moja watakuwa Kibo, hewa ya chini ndiyo daktari, kaka yuko vizuri, anaweza kuendelea naye, au arudi, hakuna wa kumlaumu. Upepo ulikuwa unatukata. Kundi jingine lilitupita wakituangaza usoni.

Kaka alivua skafu yake akanifunga. Akamwambia msaidizi, "Huyo ni mzigo wangu. Ukimwangusha tutaonana." Kisha akasimama nyuma ya kiongozi na kupanda, na sikumwona akigeuka.

Kushuka sikukumbuki vizuri. Nakumbuka mkono wa msaidizi umeshika mkanda wa begi langu kwa nyuma. Nakumbuka kwamba chini ya pango kichwa kilianza kufunguka, na tulipofika Kibo niliomba chai, nikainywa ikakaa. Ilikuwa saa kumi alfajiri. Nikajilaza kwenye kitanda cha kaka na kusubiri.

Yanayofuata sikuyaona. Nayaandika kama alivyonisimulia, na nimepunguza.

"Ulipoondoka nilikuwa na hasira, na hasira ilinipeleka vizuri, halafu ikaisha. Hapo ndipo nilipopata shida. Nikasema moyoni hizi ni kona tu. Sihesabu kona mimi barabarani, kwa nini nihesabu hapa? Nikatazama kisigino cha mzee, basi. Anaweka, naweka. Kulipokuwa kunapambazuka tukafika kwenye miamba, tunapanda kwa mikono, halafu akasema Gilman's, ukingoni mwa kreta. Mita 5,685, kibao kimeandikwa. Jua likatokea nyuma ya Mawenzi, jekundu. Watu wanalia pale! Mimi sikulia, macho yalikuwa yanatoa maji kwa baridi. Akanipa chai. Akaniuliza jina la mama, akaniuliza leo siku gani, akanitembeza kwenye mstari kama wewe. Nikapita. Nikamuuliza, kileleni bado? Akasema saa moja na nusu, labda mbili. Nikataka kurudi hapo. Kabisa. Nikasema, cheti cha Gilman's si kipo? Akasema kipo, ni halali. Akanyamaza. Angenisukuma ningerudi, lakini alinyamaza.

"Tukazunguka ukingo. Ukifika Stella ni stendi kuu, watu wa njia ya Machame na ya Lemosho wote wanatokea pale, kila mtu na lugha yake. Kulia shimo la kreta, kushoto barafu. Barafu yenyewe ukuta, ina rangi ya bluu kwa ndani. Mzee aliniambia alipoanza kazi ilikuwa inafika karibu na njia, akanionyesha kwa fimbo. Sasa iko kule. Nilipoona kibao nikadhani ni karibu, kumbe bado. Pale juu unavuta pumzi hupati kitu. Nikagusa nguzo. Nikasema, nimefika, turudi, mdogo wangu anaumwa."

Picha aliyopigwa ina kidole cha glavu kilichofunika nusu ya kibao cha Uhuru. Hakutaka kupanga foleni ya pili. Mita 5,895, mahali ambapo usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge wa Tanganyika huru, na pumzi moja inakupa kama nusu ya oksijeni unayoipata Tanga, na kaka alikaa hapo dakika nne.

Saa nne na nusu asubuhi nilimwona kutoka mlangoni pa nyumba ya Kibo. Alikuwa anateremka kwenye changarawe kwa visigino, vumbi linamfuata, mikono imetanuka. Alipofika hakusema habari ya kilele. Alinishika kidevu, akaniangalia macho kama anavyoangalia mafuta ya injini.

"Umekula?"

"Nimekula uji."

"Tembea kwenye mstari."

Nikatembea. Akakaa chini palepale, mgongo ukutani, akalala akiwa na kofia na miwani, na ilitubidi tumwamshe ili tushuke Horombo kabla ya mvua.

Siku ya sita: Horombo hadi getini

Asubuhi wagumu waliimba na kucheza, ndiyo desturi, na kaka akacheza katikati yao mpaka goti likamkatalia. Tipu tuliigawa sisi wenyewe, mkononi kwa kila mtu na mbele ya wote. Nawashauri wengine wafanye hivyo hivyo. Pesa ikipita mikono mingi hupungua uzito.

Kushuka ni kilomita ishirini kwa siku moja na magoti ndiyo yanayolipa. Msituni tulikutana na wanaopanda, wasafi, wenye viatu vipya, wanaotembea haraka. Kaka alikuwa anawaambia mmoja mmoja "pole pole" kwa sauti ya kiongozi kabisa. Kiongozi alikuwa anajifanya hasikii.

Getini alipewa cheti chake. Mimi sikupewa, na kaka alitaka kufungua kesi. Alimweleza ofisa mezani kwamba mdogo wake alifika mahali pagumu kuliko yeye, kwamba kutapika mita 5,000 na zaidi na kushuka kwa miguu yako ni kazi, kwamba hata mabasi yana cheti cha kufika Segera. Hayana. Ofisa alicheka, akampa peni asaini kitabu cha kutoka.

Marangu Mtoni tulikula mtori, yeye akanywa mbege kwenye kibuyu na kumpigia mama.

"Tumefika, mama. Mpaka juu."

Mama akauliza kuhusu mimi.

"Alinisindikiza," alisema, akanipa simu haraka kabla sijamkanyaga mguu.

Basi lilitoka gereji baada ya wiki. Cheti amekiwekea plastiki na kukibandika juu ya kioo cha mbele, pembeni ya tangazo linalokataza abiria kuongea na dereva gari likiwa kwenye mwendo. Kondakta wake ameniambia kwamba kila safari lazima atokee wa kuuliza. Anaanza kusimulia Chalinze, na hawajawahi kufika Gilman's kabla ya Mombo.